Wadudu wa Mwaja binti Saleh

Kila asubuhi, kabla hajamsabahi mtu, Mwaja binti Saleh alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko zote: kubandua tambara kwapani. Tambara lilikesha likinywa usaha, likakauka, likashikana na ngozi kama gome na mti. Ilibidi alilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, alivute pembe hii, apumzike, avute pembe ile, huku ameuma upindo wa kanga asitoe sauti. Likibanduka, harufu ilimfikia kabla macho hayajaona kitu. Ilikuwa harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyorowekwa ikasahauliwa, na juu yake kitu kitamu kidogo, kama ndizi iliyooza, na huo utamu ndio uliompandisha kichefuchefu. Alikuwa ameisikia harufu hiyo kwa miaka, lakini hakuizoea. Alilitupa tambara kwenye chungu cha majivu, akafunika, akatema mate.

Watu wa Kamuli, huko Karagwe, wakati ule wa Mdachi, yaani Mjerumani, walimjua Mwaja kwa mambo mawili. La kwanza ni usafi. Nyumba yake, mojawapo ya zile chache za pembe nne walizojenga wafanyabiashara kati ya misonge ya Wanyambo, ilifagiliwa mpaka uwanja ukang'aa, na masufuria yake yalisuguliwa kwa mchanga hadi ukaweza kujitazama. La pili ni kuosha maiti. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani aliyefuata misafara ya biashara hadi Tabora, na huko ndiko alikomwoa mama yake Mwaja, mwanamke wa Kimanyema aliyejua kumkosha marehemu kama alivyojua kumwogesha mtoto. Mwaja alirithi kazi hiyo. Waislamu wa Karagwe walikuwa wa kuhesabika, na mwanamke wao akifariki, iwe Kamuli au Mabira, aliitwa Mwaja. Alikwenda na pamba yake, na kafuri yake, na mikono isiyotetemeka. Maiti hawakumtia kinyaa hata siku moja. Mwili uliomtia kinyaa ulikuwa wake mwenyewe.

Ugonjwa ulianza alipomwachisha ziwa mwanawe wa pili, aliyemfuata Saleh mwenye jina la babu yake. Kwanza kilitokea kijipu kama punje ya kunde, kwapa la kulia. Akakikamua, kikapona. Kikarudi na mwenziwe. Ukapita mwaka, majipu yakawa yanapishana kama wageni wa harusi, huyu anatoka huyu anaingia, kisha yakaanza kuungana chini kwa chini. Akiminya hapa, usaha unatokea pale. Ngozi ikafanya kamba ngumu na mashimo kati yake, mfano wa shamba la viazi ambalo fuko amelichimba: juu vichuguu, chini njia. Kabla ya siku zake za mwezi maumivu yalizidi hata akatembea ameweka mkono kiunoni kama mtu anayetafuta ugomvi. Baadaye kwapa la kushoto nalo likaanza.

Husemwa kwamba mavi ya kale hayanuki. Majipu ya Mwaja yalikuwa ya kale, na yalinuka.

Na dawa zilizidi ugonjwa kwa uchafu. Wifi yake Zuleha, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimletea mavi mabichi ya ng'ombe yaliyokandwa kwa majivu, akamfunga nayo mpaka jioni. Yalipofunguliwa, yalikuwa na mabuu. Mganga mmoja wa Igurwa alimpaka nyongo ya mbuzi iliyochacha, kisha akamchoma kwa chuma cha moto, na harufu ya nyama yake mwenyewe ikiungua ilimkinaisha nyama kwa mwezi mzima. Mwingine alimwambia ajipake samli kama wanavyojipaka wake wa wafugaji. Samli iliwafaa wao. Kwapani mwa Mwaja ilivunda, ikawaita nzi.

Mtu pekee ambaye dawa yake haikumtia kinyaa alikuwa jirani yake Kemirembe, mwanamke wa Kinyambo aliyekuwa na shamba la migomba nyuma ya nyumba. Kemirembe alichemsha majani machungu ya omubirizi, akayaacha yapoe, akamwosha Mwaja polepole.

"Hii haiponyi," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Inapoza tu. Nisikudanganye, Mama Saleh."

Mumewe, Hatibu, aliuza vitambaa vya merikani na kaniki, na chumvi, akanunua ngozi na kahawa. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na hakuwahi kumwambia mkewe neno baya. Lakini Mwaja alikuwa na masikio. Kila Hatibu alipoingia chumbani alisikia anavyovuta pumzi nje ya pazia, kama mtu anayetaka kupiga mbizi, na anavyoitoa akishafika uani. Kati ya pumzi hizo mbili alisema naye maneno machache, ya haraka, macho yakiwa ukutani. Mwaja angependelea matusi.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipoanza, alifariki mke wa mzee Mwinyikondo, mfanyabiashara mkongwe kuliko wote pale Kamuli. Mwaja alioga, akajifukiza udi mpaka macho yakamtoka machozi, akafunga makwapa kwa vitambaa vipya, akachukua pamba na kafuri, akaenda. Mlangoni alimkuta Zuleha amesimama, mikono imeshika miimo miwili.

"Wifi, rudi," Zuleha alisema.

"Nirudi vipi? Nani anamwosha?"

"Nitamwosha mimi na mabinti zake."

"Wewe hujui hata kumgeuza. Nipishe, Zuleha, maiti haingoji."

Zuleha akateremsha sauti, lakini si kiasi cha kutosikiwa na wanawake waliokaa ukumbini. "Mwaja, utamtoharishaje maiti ilhali wewe mwenyewe unavuja? Usaha ukimdondokea marehemu, dhambi ya nani? Tena unanuka, wifi. Wenye msiba wanashindwa kulia kwa sababu yako."

Mle ukumbini mwanamke mmoja aliziba pua kwa ncha ya shungi. Hakufanya kwa ubaya, alifanya bila kufikiri, kama mtu anavyofumba jicho vumbi likipita. Mwaja aliiona ncha ile ya shungi, na ndiyo iliyomshinda. Aliweka pamba na kafuri kizingitini akageuka. Njiani alihisi kitambaa kimelowa, na tone moja la uvuguvugu likimteremka ubavuni mpaka kiunoni. Akajipangusa kwa nguvu kama anayemuua siafu. Alitamani aivue ngozi yake ile, aitundike juani pamoja na zile za Hatibu, aende zake bila hiyo.

Haukupita muda, daktari wa Kijerumani akapiga kambi Kamuli. Serikali ilikuwa inatafuta wagonjwa wa malale kando ya mto Kagera, na watu wote waliamriwa kupanga mistari, wapapaswe shingo kama ina matezi. Daktari alikuwa mrefu, uso umeiva kwa jua ukabambuka magamba. Kila mara alitoa leso, akapenga kamasi ndani yake, akaikunja vizuri akairudisha mfukoni. Wanawake waliokuwa mstarini walitazamana. Mwaja aligeuza uso: mtu mzima anahifadhi kamasi zake kama tumbaku!

Msaidizi na mkalimani wake aliitwa Seif, kijana wa Tanga aliyesoma shule ya serikali, kanzu yake nyeupe pe. Zamu ya Mwaja ilipofika, Seif alirudi nyuma hatua moja. Puani mwake kulitokea ule mkunjo ambao Mwaja aliujua. Daktari naye alinusa, lakini hakurudi nyuma. Alisema neno, wakamwingiza Mwaja nyuma ya turubai, akaambiwa ainue mkono.

Hakuna mwanamume, ila waganga na Hatibu wa miaka ya nyuma, aliyewahi kuliona kwapa lile. Daktari aliinama akalitazama kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama bunduki mbovu. Alibonyeza kwa kidole. Usaha ukaruka kutoka shimo la mbali. Akauchota kwa sindano, akaupaka juu ya kipande cha kioo, akakipitisha juu ya moto, akakitia rangi ya buluu, akakisuuza, kisha akakiweka chini ya chombo cha shaba chenye bomba, wanachokiita hadubini, akachungulia kwa jicho moja. Akasema maneno mengi kwa Kijerumani. Alisema huku akionyesha kwapa, akionyesha mkono wake mwenyewe, akichora kitu hewani.

Mwaja akamwuliza Seif, "Anasemaje?"

Seif alikuwa ameshafika nje ya turubai, anatafuta hewa. Akajibu kutoka huko huko, mbele ya mstari wa watu wote wa Kamuli: "Anasema una wadudu. Wamejaa. Anasema uende Bukoba."

Basi. Maneno yote yale ya Kijerumani yakawa neno moja, na neno hilo likatangulia kufika kila nyumba kabla Mwaja hajashusha mkono.

Wadudu! Watu walijua funza walioingia vidoleni miaka ile, walijua chawa, walijua mabuu ya kwenye nyama. Kila mtu akamtia Mwaja mdudu wa aina aliyemwogopa zaidi. Mmoja alisema wana miguu, mwingine alisema wanaruka usiku kama viroboto. Bakuli la uji alilompelekea jirani alilikuta limevunjwa njia panda. Wateja wa Hatibu waliikunjua merikani, wakaikung'uta, wakaichunguza kwenye mwanga, wakaiacha. Zuleha alikuja na kijiti kirefu, akainua mkeka wa Mwaja kwa ncha yake, akauchoma moto uani. Kisha akawashika watoto wawili mikono.

"Hawa wanakuja kwangu," alisema. "Ukiwapenda, hutanizuia."

Mwaja hakumzuia. Hilo ndilo alilojichukia kwalo baadaye kuliko vidonda. Wakati ule aliamini. Alikaa peke yake chumbani, akaona kila mwasho ni mguu wa mdudu, akajikuna mpaka damu. Alifikiri juu ya watoto aliowabeba mbavuni, karibu na mashimo yale, akatapika kwenye chungu cha majivu.

Hatibu akaja jioni, akasimama penye pazia. "Mama Saleh, nina kibanda kule Igurwa, shambani kwa yule rafiki yangu wa kahawa. Nimeona... ukae huko kwa muda. Nitakuletea kila kitu."

"Kwa muda gani?"

Hatibu alilishika pazia. Pumzi ilikuwa inamwishia.

"Vuta pumzi, Baba Saleh," Mwaja akamwambia. "Vuta tu, usife kwa ajili yangu. Igurwa siendi. Yule Mzungu alisema maneno mengi, na mimi nilipewa kipande. Alijionyesha mkono wake mwenyewe, kwa nini? Nakwenda Bukoba nikayasikie yaliyobaki. Na wewe utakwenda nami, kwa sababu nikienda peke yangu nitarudi na habari ambayo hakuna atakayeiamini."

Hatibu alikuwa mpole, si mwoga. Alikubali.

Safari ilikuwa ya mabonde ya mafunjo na vilima visivyo na huruma. Hatibu alitangulia, upande upepo unakotokea, wapagazi wakafuata, Mwaja akawa wa mwisho kama mbuzi mgonjwa. Katika vinamasi tope jeusi liliwafika magotini, likanuka uozo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka Mwaja alipata nafuu ya ajabu: wote walinuka sawa. Jasho lilimchoma makwapa kama pilipili. Walipolala kwenye vijiji aliomba maji ya moto na majani ya omubirizi, na wanawake wa Kihaya walimpa bila kuuliza.

Bukoba, hospitali ilikuwa nyumba ya mawe yenye kuta zilizopakwa chokaa. Daktari alimkumbuka Mwaja, yaani alilikumbuka kwapa, maana usoni hakumtazama. Seif naye alikuwepo. Mwaja alipoketi kwenye benchi, akamwita.

"Kaka Seif."

"Naam, mama."

"Leo usinifupishie. Kule Kamuli ulinipa neno moja, nikanyang'anywa watoto kwalo. Akisema maneno mia, nipe mia. Kama harufu yangu inakushinda, funga pua, lakini mdomo uache wazi."

Seif alitazama chini. Alijibu kwa sauti ndogo, "Nimekuelewa, mama." Na kweli alifunga pua kwa kitambaa, na Mwaja hakukasirika.

Daktari alitoa tena usaha, akaupaka kiooni kama mara ile. Kisha akasema jambo, na Seif akamgeukia Hatibu aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. "Bwana Hatibu, daktari anauliza kama umeoga leo."

Hatibu aliona kama ametukanwa. "Nimeoga alfajiri, nikatawadha, nikasali. Kwa nini?"

"Anataka kwapa lako."

Kulikuwa na ubishi kidogo. Mwishowe Hatibu alivua kanzu upande mmoja akainua mkono, uso ameugeuza kama mtoto anayetobolewa sikio. Daktari alimsugua kwa pamba iliyozungushiwa kijiti, akaifuta pamba kwenye kioo kingine, moto, rangi ya buluu, maji. Akachungulia. Akacheka puani, akamwashiria Hatibu aje.

Hatibu aliinama penye hadubini. Alichukua muda kuona kitu kisichokuwa kope zake. Kisha akatulia. Kwenye duara la mwanga zilikuwapo punje za buluu, za mviringo, ndogo kama ulezi, mbili hapa, nne pale, nyingine zimejikusanya kama kichala.

"Hivi ni nini?"

"Wadudu," Seif akasema.

"Wa nani?"

"Wako, bwana."

"Wangu vipi, nami nimeoga?"

Daktari akabadilisha kioo, akaweka cha Mwaja. Punje zilikuwa zile zile za buluu, ila nyingi mno, zimezagaa kati ya mabaki ya usaha kama ulezi uliomwagwa kwenye maziwa yaliyoganda. Hatibu alitazama, akarudishiwa cha kwake, akatazama tena. Alisema "Astaghfirullah", akatoka nje upesi. Kupitia dirishani walimwona anajisugua kwapa kwa mchanga kando ya mtungi, anamimina maji, anajisugua tena, uso umemkunjamana kwa kinyaa ambacho Mwaja alikuwa amekiona kwenye nyuso za watu wote isipokuwa huyu mwenyewe, kwa kuwa alikificha. Mwaja aliangua kicheko. Hakuwa amecheka tangu vuli. Kicheko kilimuuma makwapa na hakukizuia.

"Sasa sema," akamwambia Seif.

Seif alisikiliza kwanza, kipande kwa kipande, akatafsiri polepole. "Anasema hivi, nami sipunguzi. Wadudu hawa si funza wala chawa. Hawana miguu. Wanakaa juu ya ngozi ya kila mtu: yake yeye, yangu, ya mtoto aliyeogeshwa sasa hivi. Kwa watu wengi wanakaa tu, kama kuku uani. Kwako wewe, vile vitundu ambamo nywele hutokea vinaziba, vinavimba, vinapasuka chini ya ngozi. Hapo ndipo wadudu wanapoingia ndani ya nyumba. Mwili wako unawaka moto kuwatoa, na moto wenyewe ndio unaobomoa, ndio unaochimba njia. Wadudu wanajificha humo, hakuna maji wala dawa inayowafikia. Wanauchochea moto, lakini anafikiri si wao waliouwasha."

"Nani aliuwasha?"

Seif akauliza. Daktari akainua mabega.

"Anasema hajui."

"Muulize tena."

"Anasema hajui, mama. Anasema hata kwao Ulaya hawajui kwa nini mmoja anaupata na ndugu yake haupati."

Mwaja aliwakumbuka waliotangulia. Amepita waganga wangapi, na kila mmoja alijua! Mmoja alijua ni jini, mwingine alijua ni kijicho, Zuleha alijua ni najisi. Huyu mwenye chombo cha shaba ndiye wa kwanza kusema hajui, na Mwaja akajikuta anamwamini, kamasi mfukoni na yote.

"Watoto wangu je? Nitawaambukiza?"

"Anasema ameona wagonjwa kama wewe kwao, wanalala na waume, wananyonyesha, na hajaona mmoja aliyemgawia mwenziwe. Ila matambara uyachemshe, na mikono uoshe, kwa maana usaha ni usaha."

"Na uchafu? Ni kwa sababu ya uchafu?"

Daktari aliposikia swali alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Akajibu kwa maneno machache.

"Anasema ungeoga mchana kutwa, ungejichubua ngozi tu. Usingewamaliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Mwaja alikuwa ameitumia methali hiyo mara nyingi juu ya watu. Hakujua kwamba kuna siku ingesemwa juu ya mwili mtupu, na kwamba hata aliye uchi amevaa kikulacho chake.

Dawa ilikuwa kisu. Daktari alisema atazifunua zile njia zote za kwapa la kulia, atakata sehemu iliyoharibika, na kidonda kitaachwa wazi kijae kutoka chini, maana akikishona atawafungia wadudu ndani. Kwapa la kushoto baadaye, kama atataka. Hatibu, aliyekuwa amerudi mwenye kwapa jekundu, aliuliza kama kuna njia nyingine. Hakukuwa na nyingine.

Walimfunika pua kwa kitambaa chenye dawa ya usingizi, tamu, ya kuchukiza, akaanguka ndani yake kama anayezama kwenye asali iliyooza. Alipozinduka alitapika. Kando ya kitanda kulikuwa na ndoo ambayo hawajaiondoa, na ndani yake vipande vya ngozi yenye kamba na mashimo, vya kijivu, vinaelea kwenye damu na usaha. Mwuguzi alitaka kuiondoa haraka.

"Iache kidogo," Mwaja alisema.

Alivitazama. Kilimpanda kinyaa kile kile cha kila asubuhi. Hata hivyo safari hii kilikuwa ndani ya ndoo na yeye alikuwa kitandani, na kati yao palikuwa na hewa.

Kidonda kilichukua muda mrefu kujaa. Kilikuwa shimo jekundu unamoweza kutia ngumi, na kila siku kilijazwa shashi iliyochovywa dawa kali, ikatolewa, ikatiwa nyingine. Wauguzi walikuwa wachache. Hatibu alijifunza. Siku ya kwanza alizimia, akaangukia kiti. Siku nyingine alitoka nje katikati ya kazi, akarudi. Ule ubuluu wa hadubini ulikuwa umemwingia akilini. Aliosha mikono kabla na baada, na mara nyingine katikati, mpaka vidole vikapasuka. Hakuacha kubana pumzi. Lakini sasa aliibana na kuendelea kufanya kazi, na ilipomwishia aliivuta pale pale, juu ya kidonda, akakohoa, akaendelea.

Walirudi Kamuli kiangazi kilipokuwa kimekolea. Hatibu mwenyewe alikwenda kwa dada yake. Mwaja hakusikia yote yaliyosemwa, ila alisikia sauti ya Zuleha ikipanda, "Mimi? Kwapani mwangu?", na ya Hatibu ikijibu bila kupanda. Watoto walikuja mbio mchana ule. Yule mdogo alisita mlangoni, akanusa, kama alivyofundishwa. Mwaja alimwona anavyonusa. Alifungua mikono hivyo hivyo, mkono wa kulia ukipanda nusu tu, maana kovu lilikuwa limevuta ngozi, na mtoto akaja.

Zuleha hakuomba radhi. Alileta mkeka mpya, akauweka uani, akasema umesukwa vizuri. Mwaja akasema ndiyo, umesukwa vizuri. Kwenye misiba walianza kumwita tena, wengine. Wengine hawakumwita kamwe, na wako waliopokea chakula chake kwa mikono miwili wakakimwaga nyuma ya migomba. Alijua ni akina nani. Aliwasabahi, wakamwamkia shikamoo, naye aliwatazama makwapa, akafikiri juu ya ulezi wa buluu, akapita.

Kwapa la kushoto hakulipeleka Bukoba. Kwanza aliogopa, kisha vita vikaja, Wadachi wakaondoka, na hospitali ile ikaingia mikono mingine. Lilivuja mpaka uzeeni, mwezi huu zaidi, mwezi ujao kidogo, na baadaye majipu yakamtokea pia mapajani. Alichemsha matambara, alitumia majani ya Kemirembe, na hakukubali tena mavi ya ng'ombe ya mtu yeyote.

Siku moja Kemirembe alimletea mwari kutoka Mabira, binti wa Kinyambo aliyekuwa amerudishwa na mume kabla ng'ombe wa mahari hawajazoea zizi la kwao. Alikuwa amejifunika nguo tatu licha ya joto lile. Alikaa kwenye kona ya uani, mbali, upande upepo unakokwenda.

"Amekataa kumwonyesha hata mama yake," Kemirembe alisema.

Mwaja alinawa mikono kwa maji ya moto na sabuni. Akamwendea, akaketi mbele yake.

"Inua mkono, mwanangu."

Binti alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamchuruzika. "Utatapika, mama."

"Huenda. Inua."

Binti akainua. Harufu ilikuja, ile ile, ngozi iliyorowekwa na ndizi iliyooza, na koo la Mwaja likajaa maji ya uchungu kama asubuhi zote za maisha yake. Akameza. Akasogeza uso karibu zaidi, akaanza kutafuta kwa kidole mahali njia zilikoungana.